Mtani Wangu Kizimbani

Jumatatu, 2 Juni
Chai ya haraka, kisha barabara. Nimefika Kisarawe na vumbi mpaka kwenye kope. Mashauri mengi mbele yangu, la mwisho wizi wa pampu ya maji. Mlalamikaji ni Elia, mfuga kuku. Mshtakiwa, Kondo, amekana. Nilimtambua kabla hajaitwa. Tulipomzika mume wangu Misugusugu, ndiye aliyejilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, ni haki yake ya utani. Siku ile hakuna mwingine aliyenichekesha. Leo sikusema kitu mahakamani. Utani si undugu.

Alhamisi, 12 Juni
Ushahidi mwembamba. Jirani mmoja tu. Alfajiri, mvua inanyesha, anasema alisikia sauti ya Kondo bandani kwa Elia. Hakumwona. Pampu haijapatikana. Kesi za namna hii huwa haziniumizi kichwa, mtu anakwenda zake nyumbani.

Elia akasimama. "Mheshimiwa, tunasikia huyu ni mtani wako. Naomba hakimu mwingine." Watu wakacheka. Kondo akasema yeye hana wasiwasi, mtani wake hawezi kumwonea. Nimekataa kujitoa. Nimeandika kwamba tukifuata utani, nusu ya mahakimu wa Pwani watakaa nyumbani. Nilijiona hodari.

Jumanne, 17 Juni
Karani ameniambia, kwa adabu zake zote, kwamba mtaani hukumu imeshatoka: Kondo anaachiwa. Nimekasirika kweli. Mimi sinunuliki, hata kwa kicheko.

Kanuni naijua. Mtu wa kawaida akiwa na sababu ya kushuku, hakimu akae pembeni, hata kama moyo wake ni safi. Semina zote nimeitikia kwa kichwa. Muda wa kujitoa bado upo. Lakini kurudi nyuma mbele ya Elia, baada ya maneno yale? Naona aibu.

Ijumaa, 20 Juni
Nimemtia hatiani. Miezi minane.

Niliandika kwamba shahidi ameizoea sauti ile, hawezi kukosea. Elia akainamisha kichwa kwa heshima. Kondo alibaki ananitazama, kama anayengoja nifike kwenye mzaha. Nikamsomea haki yake ya rufaa. Askari akamshika mkono. Njiani kurudi nyumbani nilijipongeza mpaka Kiluvya, halafu nikashindwa kuendelea. Sikumfunga kwa sababu ya pampu. Nimemfunga ili watu waone simpendelei.

Jumatano, 9 Julai
Wizi wa baiskeli. Shahidi mmoja, alisikia sauti, hakuona mtu. Mshtakiwa simjui, naye hanijui. Kuna shaka. Nimemwachia. Hukumu fupi, haikunisumbua hata kidogo.

Nje nimemkuta mke wa Kondo. Anasubiri nakala ya hukumu, wakate rufaa. Amenisalimia vizuri, akaniita Mheshimiwa. Hakunitania.