Kwa Bruda Malaki, Aliyeiacha Fainali

Bruda Malaki,

Mvua imeanza kunyesha huku Nyeri na udongo wa kaburi lako umetulia. Masista walitaka kupanda maua ya waridi juu yake. Nikawaambia wewe ulikuwa mtu wa nyasi, tena zilizokatwa chini kabisa, basi wakaacha nyasi. Mbwa wako amehamia kwa mpishi wa shule na amenenepa, hana hata aibu. Mwalimu mpya wa hesabu, aliyechukua darasa lako, ni kijana kutoka upande wa Kakamega. Anafundisha vizuri sana, lakini akipita kando ya uwanja hageuzi shingo. Kwa hiyo magongo yote ya hoki yapo kwangu. Wasichana wa timu ni wangu pia sasa, jioni zote, na nguo zangu zinanuka matope kama zako.

Lakini si hayo yaliyonikalisha mezani. Nakuandikia kwa sababu binti wa kaka yako alikuja.

Anaitwa Una. Ana pua yako, maskini. Alishuka hapa mjini na begi dogo na koti la mvua, uso mwekundu kama nyanya, akiuliza kila mtu njia ya misheni. Nilimchukua nyumbani nikampikia mukimo. Alipomaliza sahani akaomba nyingine, nikajua huyu ni wenu kweli.

Ukutani kwangu kuna ile picha ya timu yetu, wewe umesimama pembeni umevaa gambuti zako za mvua. Una aliitazama muda mrefu, kisha akaniuliza, "Aliwaambia kwamba alikuwa mchezaji?"

Nikamjibu ndiyo, ulituambia ulicheza kidogo tu, kijijini kwenu Ireland, Jumapili baada ya misa.

Akaweka kijiko chini. "Kidogo?"

Bruda, wewe! Miaka yote hiyo!

Akanieleza kwamba mchezo wenu ule, wa fimbo iliyopanuka mwishoni kama mwiko wa ugali, ulikuwa damu ya kwenu. Kwamba ulianza kuchezea parokia ukiwa bado na sauti ya kitoto, na kabla hujaota ndevu za maana ukaitwa kwenye timu ya jimbo lenu. Kwamba ulikuwa beki, na kazi yako ilikuwa kuruka katikati ya fimbo za watu na kuudaka mpira hewani kwa mkono mtupu. Akasema wazee wa huko bado wanabishana baa kuhusu mpira mmoja uliouchukua juu ya vichwa vya watu watatu. Nikamuuliza kuhusu kile kidole chako kilichopinda, ambacho ulituambia kilikanyagwa na ng'ombe.

"Ng'ombe gani?" akasema. "Kilivunjwa kwenye nusu fainali. Akakifunga na kitambaa akaendelea kucheza."

Tulicheka mpaka jirani akaja kuangalia kuna nini. Na sisi tulikuonea huruma kwa sababu ya ng'ombe!

Kisha Una akaisogeza sahani kando. Akasema kuna jambo la fainali, lakini nyumbani kwao halizungumzwi, yeye mwenyewe analijua nusu nusu. Nikamwambia, hilo mimi nalijua. Nililisikia kutoka kwako.

Sijui kama ulijua nilisikia lote. Nilikuwa kidato cha tatu. Tulikuwa tumefika fainali ya mpira wa magongo, ichezwe Embu, na baba yangu alikuwa ameamua niende Mwea kwa shangazi, ambaye alikuwa amejifungua na mpunga wake umeiva shambani. Sikukuambia. Nilirudisha gongo tu na kusema sitakuja. Wewe hukuniuliza kitu. Jumamosi asubuhi nikakuona unapanda kilima chetu kati ya mibuni, jasho linakutoka, umevaa ile kofia ya ajabu.

Mimi nilikuwa jikoni nachambua minji, natoa punje kwenye maganda. Ukuta wetu ulikuwa wa mbao, na mbao zilikuwa zimeachana.

Baba akasema, "Bruda, mimi sikatai masomo. Lakini hii kitu ya kukimbia na fimbo itamsaidia nini? Dada yangu hana mtu."

Nilingoja ubishane. Ulikuwa mtu wa kubishana, hata na askofu. Badala yake ukasema kwa kile Kiswahili chako ulichojifunza kwa watu wetu, "Mzee, hata mimi nirikuwa na fainari."

Siku nyingine yoyote ningecheka. Hakuna mzungu aliyeweka r yetu mahali pa l vizuri kama wewe. Siku hiyo sikucheka, kwa sababu sauti yako ilikuwa ndogo.

Ukamwambia Baba kwamba wakuu wa shirika lako walikuwa wamekukatia nafasi kwenye meli ya kuja Kenya, na meli iliondoka kabla ya fainali. Ukaomba usubiri inayofuata. Wakasema utii ni utii. Kaka yako alikuwa golikipa wa timu hiyo hiyo. Usiku wa kuamkia safari alikuomba ujifiche kwa mjomba wenu mpaka mechi ipite, nawe ukakataa, ukaenda.

"Na wakashinda?" Baba akauliza.

"Warishindwa. Kwa pointi moja."

"Kwa sababu wewe hukuwa."

"Sijui, Mzee. Rabda wangeshindwa hata nikiwa. Hiyo ndiyo shida. Sitajua mpaka nife. Na ndugu yangu haongei na mimi."

Nilishika ganda la minji mkononi, nisilivunje, nisije nikasikika. Kisha Baba akaita kwa nguvu, "Muthoni! Leta chai ya Bruda. Na uache kusikiliza kwa ukuta!"

Nilipoingia na chai, akasema bila kunitazama kwamba shangazi ataningoja. Nitaenda Mwea baada ya hiyo vita ya miko ya ugali, na yeye mwenyewe atakuja Embu kuona ni kitu gani.

Haya yote nilimwambia Una, na Una alilia. Akasema baba yake hakuwahi kukuandikia hata neno, wala kulitaja jina lako. Ulipokufa na habari zikafika, alimwagiza Una aje. Wakati wa kuagana alimpa swali moja tu. "Ukifika huko, tafuta mtu aliyemjua. Uliza kama aliwahi kucheza tena."

Hebu fikiria, Bruda. Mzee kama huyo, baada ya maisha yote hayo, hilo ndilo alilotaka kujua.

Basi nikamsimulia Embu. Nilimwambia tulivyofungwa bao karibu na mwisho, mpira ukapita chini ya gongo langu mimi, nikajitupa kwenye nyasi nikalia kama mtoto. Wenzangu wote walikuwa wanalia. Baba alikuwa amesimama kando ya uwanja na koti lake la kanisani na hajui aweke wapi mikono. Na wewe hukuja kutubembeleza. Ulikwenda kwenye pikapu ya shule ukatoa nyuma ya kiti ile fimbo yako ya kwenu, ambayo tulikuwa tukiiona kila siku na hatukuwahi kuiona ikipiga kitu.

Ukaja nayo mpaka katikati ya uwanja. Ukaunyanyua mpira kutoka kwenye nyasi kwa ncha ya fimbo, sijui vipi, kama mtu anavyogeuza chapati, ukauacha uelee kidogo hewani, ukazungusha kiuno na kuupiga. Sauti yake bado ninayo. Mpira ulipita juu ya goli, ukapita barabara, ukapita juu ya mikaratusi ya ng'ambo na kupotea. Watu wote waliinua shingo kuufuata, hata timu iliyoshinda. Nililia na mdomo wazi. Ndipo Baba, mtu ambaye hata kanisani huimba kwa kunong'ona, akapiga kelele: "Uuui! Na huyu ndiye walikubali aende?"

Ulicheka, Bruda. Ulicheka mpaka ukaegemea fimbo. Halafu ukajipangusa macho kwa mkono wa shati na kutuambia tupande gari, watoto wasirare njaa. Hatukuiona tena ile fimbo ikipiga.

Kwa hiyo nilimwambia Una, "Mwambie baba yako alicheza. Mara moja. Na tuliona."

Kesho yake nilimpeleka kaburini. Alisimama, akasema maneno kwa lugha yenu ambayo sikuyaelewa, nami sikumuuliza. Hayo ni yenu. Aliondoka siku iliyofuata.

Juzi alipiga simu shuleni, nikaitwa ofisini mbio. Alisema alimsimulia baba yake kila kitu, wakiwa jikoni kwao, na yule mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akauliza swali moja: hiyo miti ilikuwa mirefu kiasi gani?

Nikasema mirefu kupita mnara wa kanisa letu. Nikasikia Una akilirudia hilo kwa Kiingereza, na nyuma yake sauti nzito ya mtu mzima ikisema kitu. Nikauliza amesema nini.

"Amesema, ndiyo, huyo ni Malaki."

Na mzee hajamaliza. Una anasema siku hizi akitembelewa anaanza yeye mwenyewe: ndugu yangu, yule wa Kenya. Amelitamka jina lako, Bruda. Nilifikiri ungependa kulijua hilo kuliko mengine yote.

Sasa nikuambie jambo la mwisho halafu nikuache. Tumefika fainali tena. Nina msichana mmoja, Njoki, anacheza kiungo, ana mbio na ana kiburi, ungempenda. Wiki hii hajaonekana. Mama yake ana hoteli pale Kenol, na wateja wa njia panda wamekuwa wengi, na amemwambia Njoki aache shule amsaidie kupika na kuhudumia. Mwalimu mkuu anasema tuchukue mwingine, mechi ni Jumamosi.

Kesho naenda Kenol. Nakuahidi sitabishana na huyo mama. Nitaagiza chai, nitangoja wateja wapungue, kisha nitamwomba akae na mimi kidogo. Mimi sina fainali niliyoiacha. Nitamsimulia yako.

Kwaheri, Bruda wangu.

Muthoni