Herufi Nene Zisizo na Viatu

Jumatatu, 3 Julai 1995
Ghala la ushirika limefungwa. Magunia ya kahawa hayana tena mwandishi – yaani mimi. Lakini leo Thabiti mwenye duka kaniita. Anataka kibao kinachosomeka toka stendi. Herufi nene, zisizo na viatu, yaani bila vile vijimkia vya miguuni. Nimefurahi mpaka nimesahau kula.

Jumanne, 4 Julai
Rula na kifuniko cha kopo, basi. Kila mstari unene wa vidole vitatu. O yangu ni duara kamili, haina kiuno. Mama kapita, kaziangalia O mbili za STOO, kauliza: Kunigunda, unaandika au unalima? Kwake hayo ni mashimo ya ngolo, yale ya shamba la mlimani yanayozuia mvua isibebe udongo. Sawa tu. Ngolo zinashika mteremko, zangu zitashika macho.

Alhamisi, 6 Julai
Kibao kimepanda. THABITI STOO – BEI NZULI. Na jina langu pembeni chini. Kinaonekana mpaka kanisani!

Ijumaa, 7 Julai
Aibu. Bi Tunu, mke wa Thabiti, mtu wa Kilwa, kasimama chini ya kibao akacheka mpaka akashika ukuta. Ati bei nzuli ndiyo bei gani? Sisi Wamatengo L na R ni mtu na ndugu yake. Mkono umefuata ulimi. Herufi nyembamba zingenisitiri. Hizi zimenitangaza.

Jumamosi, 8 Julai
Nimerekebisha. L na R zinaanza na nguzo moja. Nguzo nimeiacha, mguu nimeufuta kwa rangi nyeupe, nikaongeza nusu duara juu na gongo chini. Bi Tunu kaniletea chai. Kasema sasa tunaelewana.

Jumapili, 9 Julai
Baada ya misa Mwalimu Othmar kaja kukitazama kibao. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya zahanati ya parokia. Ndiye pia aliyenifundisha kusoma, darasa la kwanza. Shikamoo yangu kaipokea macho yakiwa juu. Kasoma kwa sauti: bei nzuli, na R yangu mpya iko mbele yake. Kasema herufi safi sana, kibao cha zahanati nichore mimi. Fundi wa Songea aliyepewa kazi hii kwanza alimbishia neno moja tu, Mwalimu akamrudisha kwao. Kisha kanipa karatasi, kaandika mwenyewe, mwandiko uleule wa ubaoni.

ZAHANATI. KALIBUNI WOTE.

Nimesema asante, Mwalimu.

Kazi hii naitaka. Nikimsahihisha, nimemfundisha mwalimu wangu, na kazi imekwenda. Nikinyamaza, Bi Tunu na stendi nzima watacheka – safari hii wagonjwa nao.

Kesho saa mbili anakuja kuona mchoro wa penseli. ZAHANATI imekaa vizuri. K tayari. A tayari. Nguzo ya herufi ya tatu nimeshaisimamisha, nene, imenyooka. Hapo ndipo nilipofika.