Magari Juu ya Nyasi Zako

Baba,

Nimekaa kwenye kiti chako hapa mtaani Jericho, karibu na dirisha, na hasira haijanishuka tangu tukuzike kule shambani Kinangop.

Uliendesha malori ya watu ujana wako wote ili upate kile kipande cha shamba. Majirani wakalima viazi. Wewe ukaacha mashungi ya nyasi yasimame kwa ajili ya ndege mmoja, mwenye mgongo wa rangi ya nyasi kavu na kifua cha njano kama kiini cha yai. Ulisema hana mahali pengine pa kuzalia. Ukiona kiota chini ya shungi, ulichomeka kijiti kando yake, ukakifunga kitambaa chekundu ili kondoo wapitishwe mbali. "Mama, tembea polepole," uliniambia, maana nina jina la mama yako. "Hapa kuna wenye nyumba."

Siku ya mazishi, watu waliokupenda waliegesha magari juu ya wenye nyumba hao. Vijiti viling'olewa, vikachochea moto wa chai. Nilikiona kitambaa chekundu penye mafiga wakati kikombe changu kimeshakwisha. Mhubiri akasema ulipenda viumbe vya Mungu. Gari lake lilikuwa palepale.

Jumamosi nilirudi shambani. Mvua imenyesha, alama za magurudumu zimeota nyasi. Dume alisimama juu ya shungi akiimba, sauti nyembamba kama filimbi ya mtoto. Jike akapita chini na panzi mdomoni, akaingia, akatoka bila kitu. Kuna makinda, Baba. Niligeuka nikuite. Nikakasirika upya, safari hii na wewe, kwa kutokuwepo.

Jana Kimani alikuja hapa, mdogo wangu huyu unayemjua, akasema ameshaita trekta ije ilime zile nyasi. "Dada, huyo ndege hata supu hatoshi."

Nikamwambia achukue nyumba ya Kinangop, tangi na ng'ombe. Mimi nipewe nyasi tu.

Alicheka. Akaona sicheki.

"Haya, chukua manyasi yako," akasema, na chai akaiacha nusu.

Lala, Baba. Kitambaa chekundu nimeshanunua hapa sokoni, na kijiti cha kwanza nitakichomeka kwa mkono wangu. Siku yangu ikifika, watoto nimeshawaambia: magari yabaki barabarani.

Ni mimi,
mama yako