Sura ya Saba Imepiga Hodi

Limi, acha kupika usome hapa. Dada Elieth, mwandishi wetu wa hadithi za mapenzi, amekwisha.

Unamjua Wilbard wa mashine ya mpunga hapa Kagongwa, yule mwenye mwanya, anayejipangusa pumba kwenye nyusi kwa kofia? Elieth alimtia kitabuni mzimamzima, akambadilisha jina tu.

Leo Wilbard kapiga hodi kwa Elieth, amejipulizia manukato mpaka kuku wamehama. Aliyefungua ni Baba Otmar, mume wa Elieth, karudi jana kutoka machimboni Rwamgasa. Wilbard akadhani ni kaka mtu.

"Shikamoo kaka. Mwambie dada nimesoma sura ya saba. Na mimi nampenda."

"Na mimi nampenda," Limi! Anamwambia mume.

Elieth akajitetea, "Ni hadithi tu, Baba Otmar. Nilihitaji mwanamume wa kuandika."

"Na huyu wa nyumbani ana kasoro gani?"

Elieth akakimbilia jikoni.

Miaka tisa ya ndoa Baba Otmar hajafungua hata kitabu kimoja cha mkewe. Sasa amekaa mlangoni anasoma kwa kidole, neno kwa neno, na amefika sura ya tano. Wilbard amekatazwa kuondoka.

Elieth yuko jikoni analia, ananiuliza mimi mchapaji wake kama ile sehemu ya busu, sura ya saba, niliifuta alivyoniagiza.

Sikuifuta, Limi. Niliirefusha.