Kidumu cha Maziwa ya Msiba

Mwangaluka, Kulwa mjukuu wangu! Huku Mwandoya tu wazima, na ng'ombe wako kazaa ndama jike. Umeuliza kwa nini nanusa kila kidumu kabla ya kutia maziwa. Haya, sikia!

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja, walituuzia na dawa ya wadudu kwenye vidumu. Mwaka huo msiba wa mzee jirani ulizaa misiba mingine mitatu. Watu wakamnyooshea kidole mama mkwe wangu kuwa ni mchawi, kwa sababu moshi wa jikoni ulimfanya awe na macho mekundu.

Polisi walishafunga faili, ila mpelelezi mmoja mzee, karibu astaafu, hakulala. Alirudi mara tatu kwa baiskeli! Mara ya tatu akauliza, "Hao marehemu watatu walikunywa nini msibani?"

Maziwa! Sisi huwapelekea wafiwa maziwa. Akaagiza vyombo vyote viletwe, akanusa kimoja kimoja, mara akaruka kama kijana: "Huyu hapa mchawi wenu, dawa ya pamba!"

Waliokuwa wamekuja na mapanga kumuua mama mkwe wakainamisha vichwa. Mama mkwe akapona! Nilipiga vigelegele kuliko wote, Kulwa, hadi nilipokitazama kile kidumu mkononi mwa mpelelezi.

Kilikuwa changu. Nilikuwa nimekiosha mara tatu, kwa majivu.

Bibi yako, anayenusa mpaka leo.