Goti Langu na Barafu ya Sabina

Jumatano, 2 Aprili

Uji saa moja. Vidonge baada ya uji. Saa mbili barafu. Sabina anainunua kwa jirani mwenye friji, anaifunga kwenye kitambaa, anaiweka juu ya goti dakika ishirini, macho yake kwenye saa ya ukutani. Kisha mguu juu ya mito mitatu, juu kuliko moyo, kama daktari alivyoagiza. Kisha kukunja na kunyoosha. Hapo nalia bila aibu. Wiki ya tatu tangu wanitie goti la chuma Kampala, na bado limevimba kama papai.

Mdogo wangu ameacha shamba lake Lurujo, kule Koboko, msimu wa kupanda ili aje kunihudumia. Nimemshukuru? Bado. Leo nimemgombeza kwa sababu ya chumvi.

Ijumaa, 4 Aprili

Wageni tisa. Huku Manibe mgonjwa haachwi peke yake, na mimi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, basi wanakuja wote. Kila wakibisha hodi naondoa mito, nashusha mguu, nahamia kwenye kiti. Mwanamke mzima hawezi kulala mbele ya wageni, wayo wake umewaelekea usoni.

Sabina akaniambia, "Dada, wageni watasamehe. Mguu haiwezi kusamehe." Nikamwambia anyamaze.

Jioni kifundo hakionekani. Ndala haiingii.

Jumapili, 6 Aprili

Maumivu mpaka kwenye nyonga. Mama mmoja wa kwaya alikuja baada ya ibada. Akasema barafu inagandisha damu ya mtu mzee, tangu zamani goti linakandwa kwa maji moto. Sabina akajibu kwamba nesi amekataza kukanda. Yule mama akanitazama kama kwamba mimi ndiye mdogo katika nyumba hii. Iliniuma kuliko goti.

Jumanne, 8 Aprili

Sabina alikwenda Arua mjini kununua samaki na dawa. Nikamwita mkandaji. Mama mzee, mikono mizuri, nusu ya Manibe amewanyoosha yeye. Aliniuliza kama daktari anajua. Nikasema anajua.

Maji ya moto, mafuta ya simsim, akakanda kuanzia paja mpaka shavu la mguu. Utamu wake! Mara ya kwanza tangu operesheni nilisikia mguu ni wangu. Halafu nikamharakisha aondoke kabla Sabina hajarudi. Miaka sitini na nne, najificha kama mtoto aliyelamba sukari.

Jumatano, 9 Aprili

Mguu umejaa. Ngozi inang'aa, ina moto. Goti halikunjiki hata kidogo. Sabina aliligusa, akaweka barafu. Akaniuliza kama nimeanguka. Nikasema hapana. Hilo lilikuwa kweli. Hilo tu.

Alhamisi, 10 Aprili

Akina mama wa kanisa walikuja kuniombea. Safari hii mguu sikuweza kuushusha, wakauona wote. Yesu wangu, wakasema, nini imefanya hivi? Sabina alikuwa mlangoni, beseni la barafu mkononi.

Nikasema, "Ni hii barafu yake. Namwambia kila siku, hasikii."

Neno limetoka hivyo hivyo. Sabina aliweka beseni chini. Mama wa kwaya akaguna. Wakaomba sala ndefu, nikasema amina.

Ijumaa, 11 Aprili

Sabina ameondoka na gari la asubuhi kwenda Koboko. Alipika uji kwanza. Vidonge amevipanga kwenye vikombe, kikombe kimoja siku moja. Amemwomba jirani awe ananiangalia.

Nje kwenye kamba kuna shuka langu. Alilifua jana asubuhi, kabla akina mama hawajaja. Doa la mafuta halijatoka lote, na simsim inanuka mpaka dirishani. Kwa hiyo alijua. Alisimama pale mlangoni akijua, na hakunisema mbele ya watu. Mimi nilimsema.

Mungu wangu, nimefanya nini.

Jumatatu, 14 Aprili

Kliniki, Arua. Wameniweka kwenye mashine ya kuona mishipa ndani. Hakuna damu iliyoganda. Daktari alisema nina bahati. Nesi alilizungukia goti kwa vidole, akauliza, "Mama, nani alikanda hii mguu?"

Nikamwambia mimi mwenyewe niliita mtu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Barafu ndiyo ilikuwa inanisaidia, amesema. Kilichoujaza mguu ni kule kuushusha kila akija mgeni, na kule kukanda kumemalizia. Sasa goti linakunjika nusu ya lilivyokuwa linakunjika. Huenda litarudi, huenda halitarudi.

Nimempigia Sabina mara nne. Inaita tu.

Jumamosi, 26 Aprili

Amepiga binti yake Sabina, yule anayeuza vitenge soko la Koboko. Sauti kavu. Amesema maneno yamefika huko: eti mama yake aliuharibu mguu wangu makusudi ili arithi nyumba ya Manibe. "Majirani na watu wa soko wote wanasema mama ni mutu mubaya." Kanisani kwao wamemtoa kwenye kundi la kuhudumia wagonjwa. Kazi aliyoifanya tangu watoto wake wakiwa wadogo.

Sentensi moja nilisema. Moja tu, na barafu mbele ya macho yangu. Maji yamemwagika.

Nikamwambia binti ukweli wote. Akasema, "Usiniambie mimi. Waambie wale uliowaambia."

Jumapili, 27 Aprili

Nimesimama kanisani na magongo. Nimesema mkandaji, mafuta, uongo wa kwanza kwa mkandaji na uongo wa pili kwa akina mama. Sikulia. Mama wa kwaya alitazama viatu vyake. Baadhi walikuja kunipa mkono, wengine walipita. Nimeacha uenyekiti na hakuna aliyenizuia. Nimewaomba, waliopeleka yale Koboko wapeleke na haya. Najua hayatakwenda kwa mbio ile ile.

Jumanne, 13 Mei

Lurujo. Nilikodi gari, tukasimama njiani mara mbili ninyooshe mguu.

Karanga za majirani zimetoa maua. Shamba la Sabina ni nyasi tupu. Mvua ya kupandia ilinyesha akiwa kwangu, akihesabu dakika ishirini.

Amenipokea vizuri mno. Alipiga magoti kunisalimia, akaniletea kiti chenye kitambaa, maji ya kunawa, maji ya kunywa. Nikamwambia kila kitu kwa Kiswahili cha kambi ya jeshi, alikotulea baba. Nikasema nimekosa, mimi, si mtu mwingine. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia, Dada. Iko sawa."

Akaenda jikoni.

Chakula kikaletwa mezani. Kuku, sahani nzuri. Nilikula peke yangu. Yeye na binti yake walikula jikoni, nikawasikia wakizungumza polepole. Nilitaka kuwafuata nikae nao kwenye mkeka. Nikaogopa.

Saa tisa gari lilirudi. Alinisindikiza mpaka barabarani, amenibebea mfuko, akanifungulia mlango.

"Karibu tena," akasema.

Maisha yangu yote nimekuwa naingia kwake bila kukaribishwa.