Jina la Rénovat Halitoki

Geneva, 12 Februari 1965

Mama mupenzi,

Salamu nyingi. Uko aje? Mugongo unaendelea? Minye niko muzima, baridi tu ndiyo inanitesa.

Mama, wimbo wako wa kilio umeshinda! Niliutafsiri kwa Kifaransa, na komite ya hapa imeupa zawadi ya amani, ile wanayotoa kwa watunzi wa dunia nzima. Nitaipokea kwa niaba yako, na kuusoma wimbo mbele ya watu. Ila wanaomba jambo moja: jina la Pontien libaki kwa sababu alikuwa askari wa serikali, la Rénovat litolewe kwa sababu alikuwa mwasi. Wanaogopa maneno. Nakuomba ukubali. Ni mustari mumoja tu.

Mutoto wako,
Hyacinthe

Kasenga, 20 Machi 1965

Hyacinthe,

Nakusalimia. Mugongo unauma, mudomo hauna shida.

Mustari mumoja tu? Ule mustari ni kaka yako! Ulipougua surua alikubeba mpaka Kamanyola kwa daktari. Tena wimbo si wangu peke yangu, nilitunga na Consolate, mama ya Pontien. Watoto wetu walikufa vita moja, tukafanya kilio kimoja. Weye umesahau desturi? Jina la marehemu likiitwa kwenye kilio, mutu wa damu yake haitikii; mwingine ndiye anasema "Iko hapa!" Consolate alimuitikia Rénovat, minye nikamuitikia Pontien, ndipo watu wa pande zote wakakubali kula pamoja. Na hao wanataka amani ya upande mumoja? Hapana! Soma majina yote mawili, ao nyamaza urudi nyumbani.

Mama yako

Geneva, 30 Mei 1965

Mama,

Uko muzima? Mama Consolate je?

Nilisoma yote mawili. Nilipoita Pontien, niliitika mwenyewe. Nikaita Rénovat. Ukumbi mzima kimya, na minye ni damu yake, singeweza. Nilingoja mpaka wakazima mikro. Zawadi wamempa mwingine. Sijutii hata kidogo, lakini siwezi kulala, Mama: nimemuita kaka yangu mbele ya watu wote wale, akakosa wa kumuitikia.

Mutoto wako,
Hyacinthe

Kasenga, 4 Julai 1965

Mwanangu,

Tuko wazima. Barua yako ilisomwa hapa uani, watu wamejaa. Msomaji alipofika "Nikaita Rénovat", Consolate akasimama na fimbo yake, akapiga kelele mpaka majirani wakatoka: "Iko hapa!"

Zawadi yao wabaki nayo. Weye rudi.

Mama yako